Nani Atalipia Kupima?

Nyumbani kwa mjomba wangu, Ilula, kuna sensa mbili za joto la ekzosi, zimefungwa ndani ya soksi kuukuu. Zote ni nzima. Zote zilitolewa kwenye pikapu yake ya dizeli kwa kuambiwa zimekufa, na pesa iliyonunua nyingine ilikuwa ada ya binti yake wa kidato cha tatu.

Taa ya injini iliwaka akirudi na matenga matupu, na gari ikashindwa kupanda Kitonga. Gereji, kijana akachomeka mashine, akasoma P0544, akatangaza: "Mashine imesema sensa."

Mashine haikusema hivyo. P0544 inasema kuna hitilafu kwenye saketi ya sensa, na saketi ni njia nzima: sensa yenyewe, waya zake, soketi, pini, hadi kwenye kompyuta ya gari. Jirani akikwambia kuna kelele nyumbani kwako, hajakwambia nani mwizi. Lakini sensa ikabadilishwa. Taa ikazimwa kwa mashine, ikarudi baada ya siku mbili. Ikabadilishwa tena. Mara ya tatu tukaambiwa tung'oe chujio la masizi lote, "hizi gari za Ulaya zinasumbua".

Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu kupima kwenyewe ni kazi ndogo. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua swichi bila kuwasha na usome joto la sensa zote. Zinapaswa kukubaliana na hewa ya nje. Yetu ilisoma zaidi ya nyuzi 900, kwenye baridi ya Iringa! Ekzosi ya joto hilo ingekuwa inang'aa kwa wekundu. Kompyuta ikiamini uongo huo hupunguza nguvu ya injini na kusitisha uchomaji wa masizi, ambao huhitaji joto la kama nyuzi 600. Chujio linaziba, na lawama inaliangukia chujio.

Aliyeona ni fundi umeme mmoja wa pale barabarani, mwenye multimita iliyofungwa kwa raba. Sensa ile ni ya platinamu, ya aina yenye omu 200 kwenye nyuzi sifuri, na ukinzani wake hupanda kadiri joto linavyopanda. Akachomoa soketi, akapima upande wa sensa: omu 215. Nzima. Akapima waya kutoka kwenye soketi hadi kwenye kompyuta, akizitikisa kidogo kidogo. Mmoja ukakata mawasiliano. Ulikuwa umesuguliwa na chuma karibu na turbo, mahali ambapo kibanio chake hakikurudishwa na mtu aliyewahi kufungua hapo. Kwa kompyuta, waya uliokatika ni ukinzani usio na mwisho, yaani moto usio na mwisho. Akaunga, akafunika, akabana. Zile sensa mbili za zamani akazitumbukiza ncha kwenye maji yanayochemka ya mama ntilie: kila moja ikapanda hadi kama omu 270.

Ningeweza kuishia hapo na kuwatukana mafundi, kama tunavyopenda sisi wenye vyeti. Lakini nilikuwepo siku ya kwanza. Kijana yule wa gereji alisema anaweza kufuatilia waya, itachukua nusu siku, tumpe elfu thelathini. Mjomba akauliza, "Bila kubadilisha kitu?" Nami, mwenye shahada, nikacheka. Nikamwambia fundi aache longolongo, afunge sensa.

Kwa hiyo tulilipa mara kumi na zaidi kwa vyuma ambavyo havikuwa na kosa, kwa sababu chuma kinashikika na fikra haishikiki. Kijana alijifunza kwetu: ukipima unadharauliwa, ukibadilisha unalipwa. Halafu tunashangaa kwa nini gereji zimejaa wabadilishaji. Simsafishi, maana mara ya pili alipaswa kukataa. Ila mashine yake ya kusomea kodi aliinunua kwa mkopo, na hakuna mteja aliyewahi kumlipa kwa kutazama tu.

Fundi umeme tulipomuuliza bei, alisema elfu ishirini. Mjomba alitazama ule waya, ambao haukuonyesha tofauti yoyote, akaanza: "Mwanangu, si ungefanya kumi..."

Nilitoa pochi kabla hajamaliza.