Vodacom na Orange kujenga minara pamoja: Lubunga isikae kimya

Mwaka 2025, Vodacom na Orange, kampuni mbili zinazogombania wateja kila siku katika nchi hii, zilitangaza kwamba zitaunda kampuni ya pamoja ya kujenga minara ya simu vijijini. Minara hiyo itatumia umeme wa jua. Mpango ni minara 1,000 kwa miaka 6, na hesabu inaweza kufika 2,000. Huko Kinshasa hiyo ni habari ya biashara. Huku Lubunga ni habari ya maisha.

Lubunga ndiyo komini pekee ya Kisangani iliyo ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo. Komini zingine tano ziko ng'ambo ya kulia, na daraja hakuna. Hapa ndipo inapoanzia barabara ya Opala na reli ya kilomita 125 ya kwenda Ubundu. Kadiri mtu anavyoingia ndani kwa njia hizo, rezo inakuwa ya kubahatisha: kijiji hiki kinashika kampuni hii, kile kinashika nyingine, na kingine hakishiki kitu. Ndiyo sababu mama anayeuza mihogo sokoni anabeba kadi SIM mbili au tatu. Si utajiri. Ukuta ulio kati ya kampuni, anayeulipia ni mteja.

Na si pesa tu. Mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu na kufukuza maelfu, wengi wakakimbilia Kisangani. Siku kama hizo, simu inayofika mapema inaokoa familia nzima. Aliye katika hatari haulizi mnara ni wa nani.

Kwa nini kampuni hazikujenga zamani? Mnara wa kijijini unataka mazuti, mlinzi, fundi na njia ya kupita, na wateja wake ni wachache, wenye pesa kidogo. Kila kampuni ikijenga wake, kila moja inapata hasara. Basi hakuna anayejenga. Zikigawana mnara mmoja, gharama inapungua. Na jua halisafirishwi kwa lori kwenye matope.

Wengine watasema adui hawezi kushirikiana na adui. Waangalie bandarini. Wenye pirogi wanavutana abiria asubuhi hadi jioni, lakini wanatumia ufuko mmoja, na pirogi ikizama wote wanaruka kuokoa. Nchini Tanzania, Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana mwaka 2014 kwamba mteja wa moja atume pesa kwa mteja wa nyingine. Vodacom, yenye M-Pesa, ilijiunga 2016. Kampuni hazikuacha kushindana. Ziliacha tu kumfungia mteja mlango. Kenya ilifuata 2018. Hapa Kongo pia, pesa itoke M-Pesa iende Airtel Money, Orange Money au Afrimoney kwa urahisi na bei ileile kama ndani ya kampuni moja.

Lakini macho yawe wazi. Kampuni mbili kubwa zikikaa meza moja kuzungumza minara, zinaweza pia kuzungumza bei ya mega na ya dakika. Hapo raia ameuzwa. Na kama Airtel na Africell zitafungiwa nje ya minara hiyo, au kutozwa bei ya kuwakatisha tamaa, ukuta utakuwa umesogezwa tu, haujabomolewa. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 ipo, na mamlaka ya kusimamia simu ipo. Kazi yao ni kuhakikisha mnara unagawanywa kwa haki, na bei zinabaki za kushindania.

Tshopo ni jimbo kubwa kuliko yote nchini kwa eneo. Minara 1,000 kwa nchi nzima itaisha haraka, na atakayenyamaza atapata mabaki. Wabunge wa jimbo waombe orodha ya vijiji, iandikwe wazi, mwaka kwa mwaka. Na njia ya Opala na ile ya Ubundu ziwe juu ya orodha hiyo, si chini.