Pesa ya mteja irudi hata kama mtaji umekufa



Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, wengi mnajua ninachorudia hapa kila mara: pesa ya mteja ikae kwenye laini yake peke yake, usiiguse mpaka aseme mzigo umefika. Mzigo ukiharibika njiani mwambie siku hiyohiyo, mrudishie, ndipo mzungumze mengine. Ushauri mtamu kuutoa ukiwa na magunia stoo. Mimi nasema hivi: anayefundisha wenzake biashara, halafu siku yake ikifika anaanza "vuta subira mpendwa", anatuharibia soko wote.

Masika yaliyopita zamu ilikuwa yangu. Magunia manane ya dagaa niliyonunua Mwigobero kwa mtaji wangu, 1,100,000, yalipakiwa kwenye basi hapa Musoma. Wateja kumi na mmoja wa Dodoma na Morogoro wanasubiri. Mvua ikapiga njia nzima, maji yakaingia kwenye buti. Mnaouza dagaa mnajua, mkavu akishalowa kesho yake ni harufu, keshokutwa ukungu. Wenye basi wakanionyesha nyuma ya risiti: mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenye mali. Basi, imeisha.

Kwenye laini ya wateja kulikuwa na 1,460,000. Hapo ndipo palipouma. Mtaji wote umekufa, na pesa ya kuufufua unayo mkononi, ila si yako. Ndugu zangu wakanishauri, na si watu wabaya: chukua hiyo, nunua mzigo mwingine, watumie, nani atajua? Ila mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika siku kadhaa, wanaopatikana ni wachache, na kwa mvua ile hawakauki vizuri. "Subiri kidogo" ingekuwa wiki mbili, tatu. Siku zote hizo ningekuwa nazungusha pesa ya mtu niliyemwambia iko salama. Na mzigo wa pili ukipata shida je?

Kuna dada wa Bunda niliyemfundisha kutenga laini. Alinipigia, hata pole hakunipa kwanza: "Dada, na wewe utarudisha kweli?" Nikamwambia nimeshaanza.

Nilirudisha zote kumi na moja, makato ya kutuma juu yangu, pamoja na video ya magunia yalivyolowa. Wawili walishukuru. Mmoja alinitukana, akaweka skrinishoti status kwamba mimi tapeli, na pesa yake ameshaipokea! Inauma, sitawadanganya. Mpaka leo sita wameagiza tena, watano wamepotea.

Wapo watakaosema hasara na faida ni ndugu, mteja naye abebe kidogo. Sikubali. Mteja wa sokoni anashika dagaa, ananusa, anatafuna mmoja, ndiyo anatoa hela. Wa kwetu analipa picha. Hana kingine cha kushika isipokuwa neno letu, na mpaka mzigo ufike mikononi mwake hasara ni ya aliyeupokea pesa.

Watu wa Mara tukitaja Butiama mara nyingi tunaishia kwenye kaburi na makumbusho. Mimi huwa nakumbuka Desemba 1965. Walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao Novemba 11, na mawaziri wa nchi huru za Afrika wakaazimia Addis Ababa kwamba Uingereza isipouzima uasi ule mpaka Desemba 15, nchi zao zivunje nayo uhusiano wa kibalozi. Siku ikafika, nyingi zikanyamaza. Mwalimu Nyerere akavunja, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa, kwa nchi iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru. Uhusiano ulirudi 1968. Wala Rhodesia haikuanguka kwa ajili ya hilo, ilichukua mpaka 1980. Simsifii kwa kila kitu. Operesheni Maduka ya 1976 iliwafungia biashara watu kama sisi. Lakini azimio lile lilikuwa limepitishwa na wengi, na bei yake ilipojulikana ndipo walipohesabika waliokuwa wanamaanisha.

Kwetu sisi bei ni ndogo, laki chache, milioni moja. Ndiyo maana kishawishi nacho ni kirahisi: unamnyamazia mteja siku moja, ya pili unaona aibu kupokea simu, ya tatu unambloku.

Nimeanza upya na magunia mawili, mkopo wa kikoba, na riba nailipa. Marejesho yamebaki miezi mitatu. Laini ya wateja asubuhi hii ina 310,000, na hakuna hata mia yangu humo.