Jina Chini ya Picha

Mwaka 1991, katika maonyesho ya sanaa ya Afrika jijini New York, zilitundikwa picha kadhaa zilizopigwa Bamako, Mali. Chini yake pakaandikwa kwamba mpigapicha hajulikani. Hajulikani kwa nani? Seydou Keïta alikuwa hai, mjini kwake, na maelfu ya filamu zake ameyatunza mwenyewe. Mwaka 1994 Paris ikamwandalia maonyesho yake binafsi, picha zake ndogo zikakuzwa kufikia ukubwa wa michoro ya makumbusho, na walimwengu wakatangaza kwamba msanii amepatikana.

Nalikataa neno hilo, “amepatikana”. Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Wakazi wa Bamako walimwendea kwa wingi, wakamlipa, na picha zake nyingi alizigonga muhuri wenye jina lake. Mcheza kwao hutunzwa, naye alitunzwa. Kilichokosekana ni kibali cha wale waliojipa mamlaka ya kuamua nani fundi na nani msanii.

Wako wanaosema kwamba picha haiwezi kuwa sanaa kwa kuwa kazi hufanywa na mashine. Hoja hiyo ni kongwe. Mwaka 1859 Charles Baudelaire aliudhihaki upigaji picha kuwa kimbilio la wachoraji walioshindwa. Lakini mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Napoleon Sarony kuhusu picha ya mwandishi Oscar Wilde, iliamua kwamba mpigapicha ni mtunzi: ndiye aliyempanga Wilde alivyokaa, akachagua mavazi na mapazia, akapanga mwanga na kivuli. Kamera haikufanya hata moja kati ya hayo.

Mtazame Keïta kwa kipimo hichohicho. Alipiga uani kwa mwanga wa jua. Shuka la kitanda chake likawa pazia la nyuma. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu. Kabla ya kubonyeza, alikwisha kuamua mkono ukae wapi, uso uelekee wapi, na maua ya gauni yakutane vipi na maua ya shuka. Maamuzi hayo ndiyo sanaa. Yalikuwa kamili tangu siku ya kwanza. Paris iliongeza ukubwa wa karatasi na bei.

Sisemi kila picha ni sanaa. Picha ya pasipoti hutimiza wajibu wake bila kudai zaidi. Ila mkono wa msanii hautambuliwi kwa picha moja. Hutambuliwa kwa kuziweka kazi zake pamoja na kuona jicho lilelile likirudi mwaka baada ya mwaka. Ukilifuta jina, umeuvunja uzi unaozifunga kazi hizo, na hakuna atakayeweza kuuona mkono huo tena.

Nasi tunalifuta kila siku. Fungua gazeti, taarifa ya ofisi ya umma, hata bango la wanaharakati wanaodai haki za wanyonge: “Picha: Maktaba”, “Picha kwa hisani ya mtandao”. Maktaba haijawahi kushika kamera. Tunailaumu New York kwa kuandika “hajulikani” mara moja, ilhali sisi tunaandika hivyo kila asubuhi, tena kuhusu watu ambao namba zao za simu tunazo.

Wala si suala la adabu pekee. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001. Zote mbili zinailinda picha na zinamtambulia mtunzi haki ya kutajwa. Sheria hazikusubiri picha iingie makumbusho. Hazimuulizi mpigapicha kama ana cheti cha usanii.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma unayeandaa taarifa ya kesho, mwanafunzi unayepamba tasnifu, mwanaharakati unayechapa bango: uliza nani aliyepiga, kisha andika jina lake. Kama ni msanii au si msanii, wajukuu wetu wataamua. Lakini hawataweza kuamua chochote iwapo sisi, tuliomjua, tutawaachia ukutani neno lilelile: hajulikani.