Hadubini isogezwe karibu na mfugaji
KWA mfugaji wa Nkunga, wilayani Rungwe, ng'ombe wa maziwa ni ada ya shule na mtaji wa biashara. Ndigana kali inaweza kuumaliza mtaji huo katika wiki chache. Vimelea vyake, vinavyoenezwa na kupe, hujificha ndani ya seli nyeupe za damu.

Wanasayansi sasa wana njia ya kuchungulia ndani ya seli hai. Hutumia chembe ndogo mno zinazong'aa zikimulikwa. Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2023 kwa kazi ya chembe za aina hiyo.

Ni hatua kubwa, lakini bado ni ya maabara za utafiti. Baadhi ya chembe hizo zina kadimiamu, metali yenye sumu.

Ng'ombe mwenye homa na matezi yaliyovimba anahitaji sampuli ichukuliwe, ipakwe rangi na kutazamwa kwa hadubini mapema, wakati dawa ingali inafaa. Halmashauri isogeze huduma hiyo vijijini, nao wafugaji waogeshe mifugo kwa ratiba. Utaalamu wa kesho hauponyi ng'ombe anayeugua leo.