Kigoma si ya Stanley Peke Yake

Wapo wanaoshikilia kwamba historia ya dunia ilifika Ujiji mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone, kisha ikaondoka. Hao wameusahau mwaka 1965. Mwezi wa Aprili, Che Guevara aliabiri chombo Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kuwaunga mkono wapiganaji wa Kongo, nchi iliyopata bendera mwaka 1960 na kuuliwa Lumumba wake mwaka uliofuata. Wakuba zaidi ya mia walishika njia hiyo, na viongozi wao wakaitwa kwa Kiswahili: Moja, Mbili, Guevara mwenyewe, Tatu.

Wabezaji husema walishindwa, wakarejea Novemba. Ni kweli, naye Guevara alikiri. Lakini kisiwa kilichojikomboa mwaka 1959 hakikuuhesabu uhuru kuwa mali yake binafsi. Mwaka 1975 askari wake walikuwa Angola, na vita vile vilichangia uhuru wa Namibia wa mwaka 1990.

Anayewafunza watoto wa Kigoma habari za Stanley akawanyima za chombo kile, anawafunza kuwa watazamaji wa historia, ilhali bandari yao ilikuwa mlango wake.