Maji ya Uluguru na Mawakili wa Ng'ambo

Mto Ruvu huanzia katika milima ya Uluguru, nao ndio unaowanywesha wakazi wengi wa Dar es Salaam. Mkulima wa Mgeta, alimaye matuta yake kando ya vijito vya mto huo, yumkini hajapata kusikia kwamba uendeshaji wa huduma ya maji hayo uliwahi kubishaniwa ng'ambo, kwa lugha asiyoielewa, na mawakili waliolipwa kwa fedha za kigeni.

Mwaka 2003 DAWASA ilitiliana mkataba na kampuni ya City Water, iliyoongozwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Mei 2005 Serikali iliuvunja. Kesi moja ilisikilizwa kwa kanuni za usuluhishi za Umoja wa Mataifa, na DAWASA ikashinda. Nyingine ilipelekwa katika kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia, benki ileile iliyokuwa miongoni mwa wakopeshaji wa mradi huo! Julai 2008 baraza liliamua kwamba Tanzania ilikiuka mapatano yake na Uingereza, lakini haikuamriwa kulipa fidia. Kila upande ulibeba gharama za mawakili wake. Huo ni ushindi ambao mshindi naye huutoka akiwa na deni.

Yafaa ikumbukwe kwamba katika miaka ya 1970 mashirika ya umma yalikuwa na Shirika la Sheria la Tanzania, ambalo wanasheria wake walikuwa watumishi wa umma. Mashirika yalipouzwa, vikiwamo viwanda vya Morogoro, kazi ya sheria nayo iligeuka. Leo baadhi ya kampuni za mawakili za Dar es Salaam zimefungamana na ofisi kubwa za London na Johannesburg, na kijana aliye hodari hujifunza mapema kusoma mkataba wa mkopo unaotawaliwa na sheria ya Uingereza. Si haki kumlaumu kijana huyo. Huendea ujuzi uliko, na ujira uliko pia.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kuyafunga mabaraza ya nje. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu mali asili ilielekea huko. Hata hivyo mapatano ya zamani baina ya nchi na nchi yalibaki na nguvu, na Julai 2023 baraza liliiamuru Tanzania iilipe kampuni ya Indiana Resources na washirika wake zaidi ya dola milioni 109 kwa sababu ya leseni ya madini ya Ntaka Hill. Mwaka uliofuata pande hizo zilipatana kwa dola milioni 90.

Kasoro kubwa huanzia mezani, siku ya kujadiliana. Mwanasheria wa halmashauri anayeletewa mkataba jioni ili utiwe saini asubuhi hana tofauti na shahidi wa harusi. Chini ya Uluguru hiyohiyo kipo Chuo Kikuu cha Mzumbe, ambacho tangu enzi za IDM kimewafunza mahakimu na maofisa wengi wa nchi hii. Hapo ndipo pa kuwafunza mawakili wa Serikali kazi ya majadiliano, kwa mikataba halisi iliyokwisha kuigharimu nchi, na ule wa City Water uwe wa kwanza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama. Basi mkataba wa maji nao uandikwe kwa Kiswahili chenye nguvu sawa na Kiingereza, ili diwani wa Mgeta aweze kuuliza swali kabla ya wino kukauka.