Zungusha kwa mkono kabla hujawasha
Na Hamisi Ntandu

Mlima Sekenke haumfichii mtu hali ya gari lake. Hiace iliyofungwa mkanda wa taimingi vibaya hupanda pale kwa kujikongoja, moshi mweupe nyuma, na dereva anaapa kwamba ameuziwa dizeli chafu. Dizeli inaweza kuwa safi kabisa, kosa likawa jino moja tu kwenye puli ya pampu.

Injini za dizeli za Toyota tulizozizoea mkoani Singida, kama 3L ya Hiace, zinatumia mkanda wa mpira wenye meno. Unaunganisha krenkishafti iliyo chini, kemshafti iliyo juu, na pampu ya dizeli. Kila puli ina alama, na kila alama ina mwenzake kwenye mwili wa injini. Zote tatu zikikaa mahali pake, valvu hupisha pistoni inapopanda, na dizeli huingia kwa wakati wake. Pampu ikichelewa jino moja, gari litawaka ila litakuwa zito. Kemshafti ikikaa kombo ndipo msiba unapoanza, maana valvu na pistoni hukutana. Dizeli hizi hubana hewa zaidi ya mara 20, karibu maradufu ya injini za kawaida za petroli. Pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki ni finyu mno na valvu iliyo wazi haina pa kwenda.

Hilo nililijua kwa kulilipia. Miaka kadhaa iliyopita niliacha Hiace ya familia kwenye gereji mjini Singida, siku ambayo tulitakiwa kuwahi maziko Kiomboi. Kijana aliyekuwa akifunga mkanda aliniambia, "Mzee, naomba nusu saa nyingine, niizungushe kwa spana nihakiki alama." Nikamjibu kwamba watu wanatusubiri, aiwashe tu. Akaiwasha. Tukasikia mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Silinda hedi ikashushwa, valvu zikakutwa zimepinda, na marehemu alizikwa sisi hatupo. Sikumdai yule kijana hata shilingi. Aliyeharibu injini ile ni mimi.

Alichokiomba ndicho kiini cha kazi nzima. Krenkishafti huzunguka mara mbili wakati kemshafti inazunguka mara moja. Kwa hiyo fundi akizungusha mara moja tu, alama ya chini itarudi mahali pake ilhali ya juu iko upande wa pili. Lazima amalize mizunguko miwili ndipo azikague zote kwa pamoja. Afanye hivyo kwa spana, taratibu. Valvu ikigusa pistoni, mkono utahisi uzito na kusimama kabla chuma hakijapinda. Starta haihisi kitu.

Mafundi wengi huchora alama kwa tipeksi kwenye mkanda wa zamani na puli zake, kisha wanahamishia michoro hiyo kwenye mkanda mpya. Ni njia nzuri, nimeiona ikifanya kazi, lakini inarithi makosa: fundi aliyetangulia akiwa aliruka jino, mpya nao utaruka jino lile lile. Alama za kiwandani ndizo zenye neno la mwisho.

Wenye IST na Vitz nao wasijione wamepona kwa kuwa injini zao zina cheni. Cheni mpya huja na viungo vyenye rangi vya kulinganisha na alama za gia. Ukishazungusha mara mbili, rangi hizo hazitarudi zilipokuwa, na si kosa. Nasikitika sana fundi anapofumua kazi iliyo sahihi kwa sababu ya rangi hizo. Baada ya kuzungusha, zinazotazamwa ni alama za gia zenyewe.

Tumezoea kuwasema mafundi, na wapo wanaostahili kusemwa. Lakini wenye magari tunanunua mkanda bila kunung'unika, kisha tunapigana na fundi juu ya nusu saa yake. Tunamsimamia kichwani na simu mkononi, tukiuliza kila dakika kama amemaliza. Nusu saa ile ni sehemu ya kazi, na ilipwe kama kazi.

Taa ya T-BELT ikiwaka kwenye dashibodi, ambayo kwa nyingi ya dizeli hizi ni kila kilomita 100,000, usiizime ukaendelea na safari. Gari lililotumika Japani nalo, kama huna ushahidi mkanda wake ulibadilishwa lini, libadilishie kabla ya kulibebesha mzigo. Na siku hiyo fundi akikuomba muda wa kuzungusha injini kwa mkono, mpe. Inama naye, mwombe akuonyeshe alama zote tatu uzione kwa macho yako, ndipo umwambie awashe.